Sauti Chini ya Kitanda cha Beni

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu inapoa, hata kama nimekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na moto umewaka vizuri. Ilianza kama siku nyingine yoyote. Wajukuu wangu wawili wadogo walikuwa shuleni, mkubwa alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda kazini, nami nilikuwa peke yangu nyumbani, napanga vyombo kabatini. Nikasikia vikombe vinagongana. Viligongana taratibu, kama meno ya mtu mwenye homa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuondoa mkono.

Niliweka kiganja juu ya ubao wa kabati. Ubao ulikuwa unatetemeka.

Sisi watu wa Kolwezi tumezoea mtetemo. Malori ya madini yanapita barabara kubwa mchana kutwa, na kule kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba wakilipua mwamba, vioo vya madirisha vinalia hadi mjini. Lakini mlipuko ni mara moja tu na umekwisha, na lori likipita, limepita. Huu haukupita. Ulikuja, ukatulia, ukaja tena, kama mtu anayetwanga, anapumzika, kisha anaendelea.

Jina langu ni Rejina. Wajukuu wananiita Kambo, ndivyo tunavyowaita bibi na babu kwetu Katanga. Nyumba ile nilijenga na marehemu mume wangu, aliyekuwa karani katika kampuni moja ya mgodi. Tulijenga kwa matofali ya kuchoma, wakati mtaa wetu ulikuwa bado mashamba ya mihogo. Binti yetu Odile alizaa watoto wake watatu mle ndani. Mume wake alipovuka kwenda Angola akanyamaza, Odile akahamia Kasaji kuuza vitenge na samaki wakavu, akaniachia watoto: Kalenga, ambaye sasa ni kijana wa kunyoa ndevu, Ndaya aliye sekondari, na Beni mdogo ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma.

Vikombe vile vilikuwa vyao. Kila mmoja alikuwa na chake na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Cha Kalenga kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi mdomoni. Alikataa kunywa chai kwa chombo kingine chochote tangu alipoanza kusimama. Kisha siku moja akarudi nyumbani, sauti imekuwa nzito, akakipita kile kikombe kana kwamba hakioni, akachukua bilauri ya babu yake. Mimi nilikuwa nachekecha unga. Nilijua kuna mtoto ameondoka nyumbani kwangu bila kuniaga.

Basi siku ile nilisimama nikikitazama kikombe hicho cha bati kinavyosogea chenyewe kuelekea ukingo wa ubao. Nikakikamata. Kisha nikaanza kuifuata ile sauti. Nilipita sebuleni nikiwa nimeweka mkono ukutani, nikaingia chumba cha watoto. Mle ndani ilikuwa na nguvu zaidi. Nikapiga magoti, magoti haya unayoyaona, nikainama kando ya kitanda cha Beni, nikaweka sikio kwenye saruji.

Nikasikia chuma kinapiga jiwe. Kisha chuma kikanyamaza, na chini yangu, mwanangu, chini ya nyumba yangu, mtu akakohoa.

Siwezi kukueleza vizuri hofu ile. Mwizi akiingia mlangoni utapiga kelele, majirani watakuja. Lakini mtu akikohoa chini ya sakafu wanapolala wajukuu wako, utamwita nani, na utamwonyesha nini? Nilibaki pale nimeinama, nimeshika mguu wa kitanda, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nakizuia kisianguke.

Nilijua wanatoka wapi. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Tata Mwepu, mwalimu mstaafu, mtu wa sala, na uani kwake kulikuwa na turubai la buluu limefungwa kwenye miti. Mtaani kwetu turubai la namna hiyo lina maana moja. Chini yake kuna shimo, na shimoni kuna vijana wanaotafuta mawe meusi ya kobalti. Bakrezere, ndivyo tunavyowaita hawa wachimbaji. Wanatoka Kasai, wanatoka Kivu, wanatoka kila upande wa nchi, na wengine ni watoto wetu wenyewe tuliowabeba mgongoni.

Nilikwenda kwa Tata Mwepu hata viatu sikuvaa. Nilimkuta amekaa barazani na Biblia mapajani, lakini ilikuwa imefungwa. Nikamwambia nilichosikia. Alisema haiwezekani, kwamba vijana wamemhakikishia njia yao ya chini inaelekea barabarani, mbali na nyumba za watu. Alisema pensheni haiji, na paa la nyumba yake nimeliona mwenyewe lilivyo. Nilimwambia kwamba paa lake nimeliona, sasa aje aone sakafu yangu. Hakuinuka. Alitazama kando, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba:

"Mama Rejina, hata wa kwako iko mule."

Nikamuuliza wa kwangu nani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kalenga alikuwa ameniambia anapakia magunia ya saruji kwenye depo moja ya mjini. Alirudi jioni na vumbi, na saruji ni vumbi. Alileta sabuni na nyama, na mimi nilipika ile nyama, nikamsifu.

Sasa nikuambie jambo moja kuhusu mashimo yale. Wachimbaji wanaamini kwamba mwanamke hafai kukaribia mdomo wa shimo. Wanasema akisogea, mali inakimbia, mawe yanapotea kwenye mwamba, na waliopo chini wanaweza kupata ajali. Mimi sijui kama mawe yana miguu. Lakini nilijua kwamba wao wanaamini. Nilirudi nyumbani, nikachukua kile kiti kifupi ninachokalia nikisonga bukari, ugali wetu, nikarudi uani kwa Tata Mwepu, nikainua pembe ya turubai, nikakiweka kiti changu kwenye ukingo wa shimo, nikakaa.

Juu walikuwepo vijana wachache wanaovuta kamba, na mmoja wao ndiye waliyemwita shefu, mkubwa wao. Walinitazama kama wameona nyoka amejikunja kwenye viatu vyao. Shefu alikuja akachuchumaa mbele yangu, kwa heshima, sitasema uongo.

"Mama, ondoka apa. Mali itakimbia."

"Iache ikimbie," nikamwambia. "Mi ninangojea mutoto wangu."

Alinibembeleza. Kisha akakasirika, akasema wanaume wenzake watapoteza kazi ya siku nzima kwa ajili yangu. Mmoja akatamka kwamba ninyanyuliwe na kiti changu nitolewe nje, lakini hakuna aliyesogea kunishika. Mwishowe shefu akainama shimoni akapaza sauti kwamba kuna mama amekaa mlangoni, watoke wote.

Mimi nikatazama ndani. Shimo lile halikuwa kubwa, mwanangu. Pipa la maji lingekwama pale. Kando zake wamechonga vishimo vya kuweka vidole vya miguu, na baada ya hapo ni giza tu. Hewa iliyopanda usoni mwangu ilikuwa ya jasho, udongo mbichi na moshi wa sigara. Hakuna gogo hata moja lililowekwa kushikilia udongo. Nilifikiri, kaburi tunalichimba kwa uangalifu kuliko hivi.

Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kila kichwa kilichojitokeza nilikitazama, na hakikuwa chake, na moyo wangu ukashuka tena hadi kule chini. Wengine walinipita kwa hasira. Kijana mmoja mwembamba, anayekohoa, alinisalimu vizuri, "Jambo, Mama," akaenda kukaa ukutani. Kisha akatoka mwingine, amefunga tochi kichwani kwa mpira wa baiskeli, uso wake wote ni wa kijivu, na nilikuwa nasubiri apite ili nimtazame anayefuata. Hakupita. Alisimama mbele yangu.

"Kambo," akasema, "unanipatisha haya mbele ya batu."

Sikumtambua mjukuu wangu hadi aliponiita.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele, mimi nyuma na kiti changu. Sikumgombeza. Nilikuwa na maneno mengi, lakini niliogopa nikianza kusema atageuka arudi kule. Yeye ndiye aliyesema. Alisema magunia ya saruji aliyabeba kweli, mwanzoni, mgongo ukamuuma na malipo yakawa maneno. Alisema Ndaya anataka kusoma, Beni viatu vimemtoboka, na mama yao hawezi peke yake. Alisema hakuna haja ya mimi kuogopa.

"Tuko chini sana, Kambo. Nyumba haiwezi kujua kama tuko pale."

Nikamwambia sawa, mwanangu, njoo tu ukae kidogo. Nikampeleka chumba cha watoto, nikamketisha kwenye kitanda cha Beni, nami nikakaa karibu naye. Kilikuwa kitanda ambacho yeye mwenyewe alikilalia kabla ya Ndaya, na Ndaya kabla ya Beni. Kwenye ubao wa kichwani zilikuwepo alama za meno yake, alipokuwa anaota magego na kulia. Tulikaa tukingoja. Nilijua kwamba, kwa kuwa nimeondoka pale shimoni, wale wenzake watarudi chini, kwa sababu siku ilikuwa bado ndefu.

Hazikupita dakika nyingi. Kwanza mtetemo ulikuja kupitia kitandani, tukausikia kwenye mapaja kabla ya masikio. Kisha ile sauti yenyewe, chuma na jiwe. Nilimwona Kalenga anavyobadilika. Alikuwa anaijua sauti ile kwa miezi mingi, mwanangu, lakini aliijua kutoka chini. Hakuwahi kuisikia akiwa amekaa mahali anapolala mdogo wake. Aliteremka akalala kifudifudi, akaweka sikio sakafuni kama nilivyofanya mimi.

"Ni Patrice," akasema. "Ule wa kukohoa."

Akasikiliza tena. Safari hii alikaa muda mrefu, na alipoinua uso nilitamani asiseme.

"Banapanda, Kambo."

Alinieleza haraka haraka. Mshipa wa mawe ulikuwa umeanza kupanda juu, na wao waliufuata, kwa sababu ndiko mali ilikokuwa. Shefu aliwaambia bado wako chini sana na wanaelekea barabarani. Wote walimwamini, kwa kuwa kule gizani huwezi kujua umegeukia wapi. Sasa Kalenga alivuta kitanda kutoka ukutani, na nyuma yake, mahali nilipokuwa nikifagia kila Jumamosi bila kuona kitu, palikuwa na ufa umetoka chini hadi dirishani. Akaingiza kidole. Kidole kikaingia chote.

Akasimama kutaka kutoka. Nikamkamata shati. Nilijua anakokwenda, na mkono wangu ulikataa kumwachia, nilimshika kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo tukivuka reli.

"Kambo," akaniambia, "Patrice naye ni mutoto wa mutu."

Hilo lilinipiga. Nilimwambia aende, lakini apaze sauti kutoka juu, asiweke hata mguu mmoja ndani. Akaniapia. Na mimi nikasimama mlangoni kwangu nikimtazama hadi turubai likamfunika. Aliporudi alikuwa na Patrice. Shefu alikuwa amewacheka, na wale wengine pia, wakasema Kalenga ametiwa woga na bibi yake. Wao walibaki. Patrice alitoka kwa sababu, alisema, siku kadhaa zilizopita alikuwa akisikia juu ya kichwa chake kitu kama fagio.

Lilikuwa fagio langu.

Basi tukaamua kuondoka siku ileile. Kalenga na Patrice wakaenda kumtafuta dereva wa lori la kwenda magharibi, upande wa Kasaji kwa Odile, na kumwomba mwangalizi wa ukumbi wa parokia atupe mahali pa kulala usiku mmoja. Mimi nikabaki kufunga mizigo. Na hapa, mwanangu, ndipo hofu ilipocheza na akili yangu, maana nilijua kabisa kwamba lazima nifanye haraka, na bado nilikwenda polepole kama mtu aliyelewa.

Nilichukua beseni la buluu. Wote watatu niliwaogesha ndani yake. Beni alikuwa akilala humo maji yakiwa vuguvugu, mdomo wazi, hadi nikaogopa atazama kwenye maji ya kina cha kidole. Nikaliweka kando ya mlango. Nikachukua kifuniko cha sufuria kilichopinda, Kalenga alikifanya usukani akaendesha lori lake la hewani uani mwaka mzima, akipiga honi kwa mdomo, akiniuliza, "Mama, unaenda Kasaji? Panda." Nikakiweka ndani ya beseni. Nikachukua pasi ya makaa, ile iliyomuunguza Ndaya mkono asubuhi ya komunyo yake ya kwanza. Hakulia, kwa sababu aliogopa machozi yatachafua gauni jeupe. Nikachukua kopo la maziwa lenye meno yao ya utoto, yamechanganyika, sijui la nani ni lipi. Nikashusha chandarua ambamo Beni alijifanya padre na kuwafungisha ndoa watoto wa jirani. Kila kitu nilichoshika kilinikalisha chini. Na muda wote huo, nyuma yangu, kabati liliendelea kugonga vikombe vyake.

Ndaya alirudi kutoka shuleni na Beni, akakuta rundo limefika dirishani. Nilimweleza yaliyotokea kwa maneno machache. Akalitazama rundo, akanitazama mimi, akasema taratibu kwamba hatutaweza kubeba vyote. Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye hajui vitu hivi ni nini. Na nilipotamka vile, nilisikia sauti yangu ya zamani, nikiwa na umri wake.

Mimi nilikulia Mutshatsha, kando ya reli. Nilipokuwa msichana vita vilipita kwetu. Watu walisema wenye bunduki wanakuja wakifuata njia ya treni, na milio tukaanza kuisikia kweli. Kambo yangu, mama ya baba yangu, alitukusanya kutupeleka porini. Mimi nikageuka nikaingia tena ndani kuchukua sahani moja ya maua aliyoacha mama yangu. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na nilikuwa sina kitu kingine chake. Kambo alinikuta naitafuta rafuni. Hakunipiga. Alinibana mkono hapa juu ya kiwiko hadi nikapiga kelele, akanikazia macho, akaniambia:

"Sahani utapata ingine. Nikikuacha apa, mi nitakula na nani?"

Kisha akanivuta tukakimbia. Sahani ile sijui nani aliikuta. Nililia kwa ajili yake siku nyingi kule porini, na Kambo hakunibembeleza hata mara moja. Nilimwona mgumu wa moyo. Nimekuja kumwelewa nikiwa na mvi, nimesimama kati ya beseni na kopo la meno, na mtu anachimba chini ya miguu yangu.

Nikamwambia Ndaya, "Acha byote. Kamata blanketi, unga na sufuria moya." Nikajifunga kitenge nilichokuwa nacho, nikatoka nje kufunga blanketi kwa kamba. Kalenga alikuwa amefika na mkokoteni wa kuazima. Tulipomaliza kufunga, nikageuka kumshika Beni mkono.

Beni hakuwepo.

Niliita. Hakuitika. Ndaya akakimbilia nyuma ya nyumba, Kalenga akakimbilia barabarani, na mimi, sijui kwa nini, nikaingia ndani. Chokaa ilikuwa imeanza kudondoka kutoka ukuta wa chumba chao, vipande vyeupe juu ya kitanda. Na chini ya kitanda niliona miguu yake, amevaa viatu vya shule, amelala ametulia kabisa, sikio sakafuni. Alinitazama bila woga wowote.

"Kambo," akaninong'oneza, "chini kuko batu. Banacheka."

Nilimvuta kwa mguu, mwanangu, nikambeba kama mzigo wa kuni, na umri wangu huu. Huko nje nilimuuliza alianza lini kuwasikia watu hao. Akasema tangu zamani. Akasema wanakuja kila siku, na kwamba akiwa hana usingizi mchana huwa anawasikiliza wakizungumza. Alidhani ni mababu, wale tunaowaombea kanisani. Hakuniambia kwa sababu alidhani mimi nawajua.

Nilikaa chini pale pale barabarani. Kalenga akaniinua, tukaondoka na mkokoteni.

Usiku ule tulilala kwenye ukumbi wa parokia, na siku iliyofuata lori likatuchukua. Patrice alituaga kwenye kituo, akasema atarudi kwao kwanza, amwone mama yake. Tulipita Mutshatsha mvua ikinyesha, nikawaonyesha watoto mahali ilipokuwa nyumba ya Kambo yangu. Kulikuwa na mtu anauza makaa pale. Jioni tulifika Kasaji kwa Odile, tumelowa wote, na Odile akatuhesabu kwa macho kabla ya kutusalimu.

Mvua iliendelea wiki ile nzima. Kisha Tata Mwepu akapiga simu. Alikuwa analia, mwalimu mzee yule, na ilinichukua muda kumwelewa. Chumba cha watoto kilikuwa kimeingia ardhini, na jikoni kumefuata, mchana, saa ambayo siku nyingine Beni angekuwa ametoka shuleni na amelala. Ukuta wa mbele tu ulikuwa umesimama. Nilimuuliza kuhusu waliokuwa chini. Akaendelea kulia tu. Watu waliotoka Kolwezi baadaye kila mmoja alinipa hesabu yake, huyu anasema hivi, huyu anasema hivi, na sikuwepo, kwa hiyo sitakuambia nisichokijua. Najua tu kwamba Beni aliwasikia wakicheka.

Kalenga siku hizi anatengeneza pikipiki hapa Kasaji, chini ya kibanda cha mabati. Anapata kidogo. Vijana wakirudi kutoka migodini na simu mpya, mimi hutazama macho yake yanavyowafuata, na roho yangu haitulii. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, huwa naweka kiganja sakafuni, ingawa Odile ananiambia huku hakuna mawe. Ndaya aliwahi kuniuliza kama navililia vile vitu. Nikamwambia ndiyo, navililia, na sioni aibu. Lakini tukikaa jioni namsimulia Beni juu ya beseni na usukani wa kifuniko, na Kalenga anajifanya hasikilizi, halafu anarekebisha mahali nilipokosea.

Sasa wewe, mwanangu, unayenisikiliza. Kama una watoto nyumbani, waulize wanachosikia. Usidhani mtoto akinyamaza hana la kusema, huenda anadhani wewe umekwisha kulijua. Kijana wako akileta nyama, mshukuru, kisha muulize ilikotoka, na ungoje jibu hadi likufikie. Na kama wewe ndiye kijana mwenyewe, na njaa imekushusha chini ya ardhi, sitakutukana, najua shule inataka karo na tumbo linataka kujaa. Nakuomba jambo moja. Kabla hujashuka kesho, nenda ukakae ndani ya nyumba iliyo juu yako. Kaa kwenye kitanda cha waliomo. Sikiliza wenzako wakifanya kazi. Halafu uamue. Na siku utakapoambiwa toka, toka na watu wako, usirudi ndani kutafuta sahani.

Mungu akuweke juu ya udongo unaokuvumilia. Akupe kazi ambayo mama yako akiiuliza utamjibu ukiwa umemtazama usoni. Na wale uliowaacha nyumbani asubuhi, jioni uwakute wote, wakubwa na wadogo, wanagombania chakula.